Sindano za shingo: raundi ya kwanza ilinifufua, ya tatu imegoma. Mwili umeizoea sumu?

#1 ShingoUpande

Wakuu, salaam.

Nina disitonia ya shingo, huu mwaka wa sita. Kwa asiyeijua: misuli ya shingo inajikaza yenyewe bila idhini yangu na uso unavutwa kwenda kushoto. Nikikaa unavuta, nikitembea unavuta zaidi, nikipata usingizi unaacha. Mimi ni mwalimu, na miaka miwili ya mwanzo darasa zima lilidhani nachungulia dirishani.

Nilizungushwa sana. Dawa za maumivu, kola ya shingo, picha za pingili zilizotoka safi kila mara. Mwisho nikafika kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, akanitazama nikitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akautaja ugonjwa kabla sijakaa. Akanianzishia sindano za sumu ya botulinamu.

Raundi ya kwanza: siku ya sita naamka, natazama mbele. Sikumwambia mtu, nilikaa kwanza mbele ya kioo. Wiki ya nne nikaendesha gari nikiangalia vioo vyote viwili. Raundi ya pili ilikuwa nzuri, ila si kama ile. Raundi ya tatu nimechomwa wiki tano zilizopita na ni kama nimechomwa maji. Daktari ni yule yule, chumba ni kile kile.

Je, mwili umeizoea? Nimesoma kwamba mwili hutengeneza kinga dhidi ya sumu, na ikishafika hapo basi tena. Waliopitia naomba mnisaidie.

#2 KijiweKikuu

Mkuu, hiyo si ndiyo wanayochoma mastaa wasizeeke? Shingo imekuwa nyororo walau?

#3 ShingoUpande

Haina mkunjo hata mmoja kaka. Imepinda tu.

#4 MamaPacha

Karibu chamani mwalimu. Mimi niko raundi ya 19, kwangu kichwa kinalalia bega la kulia, kama mtu anayesikiliza simu isiyokuwepo.

Kabla hujailaumu kinga ya mwili, nikuulize: una video yako ya kabla ya raundi ya kwanza? Nauliza kwa sababu nilipita hapo hapo. Raundi ya nne nilimwambia daktari wangu dawa imekufa. Akafungua kompyuta akanionyesha video ya siku yangu ya kwanza. Sikujitambua. Kichwa kilikuwa kimegusa bega kabisa, na mkono mmoja nimekishikilia kama nabeba mtungi. Nikajiona nilivyokaa siku ile, kichwa kimeinama kidogo tu. Dawa ilikuwa inafanya kazi, ila mimi nilikuwa nimesahau nilikotoka.

Raundi ya kwanza inakutoa shimoni. Ya pili inakukuta umeshasimama juu. Sisemi ndivyo ilivyo kwako, nasema anza na hapo.

#5 DaktariKalamu

Mimi ni daktari wa kawaida anayependa mambo ya neva, si bingwa, nipimeni kwa hilo.

Sumu hii haiugusi msuli wenyewe. Inaingia kwenye ncha ya neva, pale neva inapokutana na msuli, na inakata protini iitwayo SNAP-25. Bila protini hiyo neva haiwezi kumwaga asetilikolini, na bila asetilikolini msuli haupati amri. Ubongo unaendelea kupiga kelele "geuka kushoto, geuka kushoto", lakini waya umekatwa mwishoni. Ndiyo maana huoni kitu siku ile ile, unasubiri siku kadhaa, kilele kinakuja karibu wiki ya nne, na baada ya miezi kama mitatu neva inakuwa imejirudisha.

Kuhusu kingamwili: zipo, si hadithi. Lakini zilisumbua zaidi zamani. Botox, jina la biashara la mojawapo ya dawa za sumu hii, miaka ya mwanzo ilibeba protini nyingi za ziada, na 1997 ilibadilishwa ikawa na protini kidogo zaidi. Kinachojulikana kuongeza hatari ni dozi kubwa na kurudia sindano upesi, kabla ya miezi mitatu. Kwa mtu wa raundi tatu tu, kingamwili si kitu cha kwanza ningekishuku.

Mwalimu, nijibu mawili. Raundi zako zilipishana muda gani? Na ukishika misuli iliyochomwa sasa hivi, ni laini au ni kamba? Kama imelegea na kusinyaa lakini kichwa bado kinageuka, basi dawa imefanya kazi ila kwenye msuli usio sahihi. Kama bado ni kamba, dawa haikuingia, au haikutosha, au haifanyi kazi.

#6 ShingoUpande

@MamaPacha video sina. Ngoja nitafute, huenda kwenye simu ya mke wangu.

@DaktariKalamu wiki 12 na wiki 13. Kuhusu kamba: kulia ni laini, nyuma kushoto ni kamba. Nadhani. Kadiri ninavyoshika ndivyo ninavyochanganyikiwa.

Halafu kuna jambo halijawahi kuniingia akilini na niliona haya kuuliza. Kichwa changu kinakwenda kushoto. Kwa nini mbele ananichoma KULIA?

#7 FizioMwendo

Mwalimu, weka vidole vya mkono wa kulia upande wa kulia wa shingo, chini kidogo ya taya. Sasa geuza uso kushoto taratibu. Umeusikia msuli unaojitokeza kama kamba, kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga? Huo wa kulia ndio unaougeuza uso kushoto. Nyuma ya shingo ni kinyume, msuli wa kushoto unavuta kushoto. Kwa hiyo kichwa kimoja kinavutwa na misuli ya pande mbili tofauti. Daktari wako hajakosea.

Ila nina shaka nyingine. Ugonjwa huu uko kwenye ubongo, shingo inatii tu. Ukiilegeza misuli miwili mikubwa, ubongo unaweza kuendelea na mpango wake ule ule kwa kutumia mingine. Kuna msuli wa kuinua bega, kuna vidogo vya ndani kabisa chini ya fuvu ambavyo huwezi kuvipata kwa kupapasa. Nimeona wagonjwa ambao baada ya raundi mbili kichwa kimeacha kugeuka kimeanza kuinama. Ramani imebadilika, na mchomaji anatumia ramani ya mwaka jana.

Anatumia kipimo cha umeme wa misuli au ultrasaundi wakati wa kuchoma, au anapapasa tu?

#8 ShingoUpande

Nimejaribu sasa hivi, na mke wangu kajaribu, na mtoto kajaribu. Familia nzima tumejishika shingo. Kumbe!

Anapapasa tu. Raundi ya kwanza kulikuwa na mashine inayotoa sauti kama mvua ya redio. Mbili zilizofuata haikuwepo.

#9 FizioMwendo

Hiyo sauti ya mvua ndiyo EMG, kile kipimo cha umeme wa misuli. Sindano ikifika kwenye msuli unaojikaza, mvua inakuwa kubwa. Sasa hesabu mwenyewe: raundi yenye mashine ilikupa muujiza, zisizo na mashine zimeshuka.

#10 DaktariKalamu

Fizio, taratibu. Wapo mabingwa wazuri sana wanaopapasa tu. Ya pili haikuwa na mashine na ilikuwa nzuri, kasema mwenyewe hapo juu. Raundi tatu hazitoshi kujenga kesi.

#11 MjuajiKiasi

Kwa uelewa wangu sumu hii inaua neva moja kwa moja, ndiyo maana mwishoni inakosa kitu cha kuua na inaacha kufanya kazi. Iligunduliwa Ubelgiji kwenye soseji, wakaitumia kwa ajili ya mikunjo, baadaye ndiyo wakaijaribu kwa wagonjwa. Ni biashara.

#12 DaktariKalamu

Haiui neva. Ingekuwa inaua, mwalimu asingerudi kila miezi mitatu, angechomwa mara moja akamaliza. Neva huchipua ncha ndogo za muda, na baadaye ile ya asili inazinduka na kurudi kazini.

#13 KitabuWazi

Mjuaji, umebeba mambo matatu kwenye kapu moja.

Soseji ni za Ujerumani. Daktari Justinus Kerner, mwanzoni mwa miaka ya 1820, aliandika kwa kirefu juu ya watu waliodhurika kwa soseji zilizoharibika. Akaijaribu sumu hiyo mwilini mwake mwenyewe, na akabashiri kwamba ingeweza kuwa tiba ya magonjwa ambayo mwili unajitikisa kupita kiasi. Jina limetokana na botulus, neno la Kilatini la soseji.

Ubelgiji ni 1895, kijiji cha Ellezelles, na huko soseji haikuhusika. Kundi la wanamuziki lilipiga kwenye mazishi, wakala paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem akampata bakteria ndani ya nyama ile.

Na mikunjo ilikuja MWISHO. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa anatafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu, akaanza na nyani miaka ya 1970. Kwa shingo, madaktari wa Vancouver walichapisha jaribio mwaka 1986 ambalo wagonjwa wala wachomaji hawakujua nani kapewa dawa na nani kapewa maji. Marekani ikairuhusu kwa makengeza na kope zinazojifumba mwaka 1989, kwa shingo 2000, kwa mikunjo 2002. Wenye mikunjo ndio waliodandia basi letu.

#14 KijiweKikuu

Kwa hiyo mwalimu anachomwa soseji. Sawa. Tuendelee.

#15 MjuajiKiasi

Nimesahihishwa, nashukuru. Ila kwenye biashara sijarudi nyuma.

#16 Mfamasia_Zamu

Wote mmeongelea shingo, hakuna aliyeuliza kuhusu kichupa. Mimi nakaa upande wa pili wa dirisha kwa hiyo naanza na kichupa.

Kwanza, jina. Dawa hizi ziko za makampuni tofauti na yuniti zake HAZILINGANI. Yuniti 100 za Botox si yuniti 100 za Dysport. Hizo mbili ni sumu ya aina A; ile ya aina B, ndugu yake, inahesabiwa kwa maelfu. Raundi ya tatu ilikuwa jina lile lile?

Pili, ubaridi. Nyingi zinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Zipo zinazovumilia joto la kawaida la chumba kabla ya kuchanganywa, lakini si zote. Na zikishachanganywa na maji ya chumvi muda wake ni mfupi. Hata kuchanganya kuna adabu yake, unaingiza maji taratibu, hutikisi kama dawa ya kikohozi.

Kichupa chako kilisafiri vipi?

#17 ShingoUpande

Hapo umenigusa.

Jina ni lile lile, nimeangalia boksi. Ila raundi ya tatu dawa ilikuwa imeisha pale ninapotibiwa, nikaambiwa niinunue mwenyewe nje nije nayo. Nikaweka kwenye mkoba pamoja na daftari za wanafunzi. Foleni ilikuwa ndefu. Tuseme masaa manne.

#18 Mfamasia_Zamu

Barafu?

#19 ShingoUpande

Daftari.

#20 KijiweKikuu

🤣🤣 Nimemwaga chai.

#21 Mfamasia_Zamu

Mimi nimemaliza. Uzi ufungwe.

#22 DaktariKalamu

Usifungwe. Masaa manne kwenye mkoba ni makosa na haipaswi kurudiwa, lakini kichupa ambacho hakijafunguliwa ni unga mkavu, si maziwa. Siamini masaa manne peke yake yanaweza kuigeuza maji matupu. Labda ilikuwa imeshapata joto kabla haijafika kwako, na hilo hatuna namna ya kulijua.

#23 TuliaKwanza

Samahanini wataalamu, kwani mwalimu ana amani nyumbani na kazini? Nina jirani shingo yake ilikuwa inageuka hivyo hivyo, alipoacha ile kazi yenye presha ikatulia. Na ukimwangalia, akigusa kidevu kwa kidole kichwa kinarudi katikati. Ugonjwa wa kweli unatibiwa kwa kidole? Ni mawazo hayo.

#24 MamaPacha

TuliaKwanza, najua huna nia mbaya, ila sentensi hiyo nimeisikia miaka minne kabla sijapewa jina la ugonjwa wangu, wakati mwingine kutoka kwa watu waliovaa makoti meupe.

Kidole kwenye kidevu ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Mimi naweka kiganja kisogoni. Mwingine anaegemeza kichwa ukutani. Wengine wakiinua tu mkono, kabla hata haujafika usoni, kichwa kinaanza kurudi. Si kwamba kidole kina nguvu ya kusukuma, mguso wenyewe unaupa ubongo habari fulani. Presha inauchochea, hilo kweli, nikiwa na hasira kichwa kinalala zaidi. Lakini hata kikohozi kinazidi ukipandisha ngazi, hakuna anayesema mapafu yana mawazo.

#25 KitabuWazi

Kumtetea kidogo TuliaKwanza: hayupo peke yake kwenye historia. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Édouard Brissaud aliuita ugonjwa huu shingo iliyopinda ya kiakili, akiutazama ujanja huo huo wa kugusa. Hoja ilikuwa kama yako: kidole kimoja kinashinda misuli yote hii? Imechukua miaka mingi kuitoa vichwani mwa watu.

#26 TuliaKwanza

Nimejifunza. Dada MamaPacha, naomba radhi.

#27 MamaPacha

Yameisha mdogo wangu. Mwambie jirani yako aende akaangaliwe. Wachache huwa inatulia yenyewe miaka ya mwanzo, ila mara nyingi hurudi.

#28 TumboJepesi

Nauliza pembeni kidogo. Mdogo wangu wa kike alipewa dawa ya kuzuia kutapika, metoclopramide, siku ya pili shingo ikajipinda ghafla, macho yakaangalia juu, taya ikakaza. Tulidhani tunampoteza. Wakamchoma sindano moja, ndani ya nusu saa akawa anaongea. Ndiyo ugonjwa huu?

#29 DaktariKalamu

Ni ndugu wa mbali. Hiyo ni disitonia ya ghafla ya dawa, inatokea hasa kwa vijana, na dawa kama biperideni huiondoa upesi. Dawa za kundi la metoclopramide, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol, zikitumika muda mrefu zinaweza kuacha disitonia isiyoondoka. Kwa hiyo ni swali halali kwa mwalimu: kabla shingo haijaanza ulikuwa unatumia chochote cha aina hiyo kwa muda?

Na mdogo wako aandikiwe kwenye kadi yake asipewe tena metoclopramide.

#30 ShingoUpande

Hapana, sikuwa natumia dawa yoyote. Yangu ilianza taratibu tu, nikiandika ubaoni.

#31 MkeWaSaba

Nasoma tangu asubuhi. Mume wangu ndiye mgonjwa, raundi ya saba. Raundi ya tano alipaliwa na maji siku kumi mfululizo. Maji tu, chakula kigumu kilipita. Daktari akasema sumu imevuka kidogo kutoka kwenye msuli wa mbele ikagusa misuli ya kumeza. Raundi ya sita akapunguza dozi mbele: hakupaliwa, lakini shingo haikunyooka. Ya saba akairudisha kwa sehemu ndogo ndogo tofauti, ikakaa sawa. Mwalimu, wewe ulipaliwa?

#32 ShingoUpande

Raundi ya pili, ndiyo. Kama wiki mbili. Nilikuwa nakunywa nimeinamisha kidevu kifuani. Nilimwambia daktari, akaandika kwenye faili.

#33 FizioMwendo

MWALIMU.

#34 MamaPacha

Posti ya 32 ndiyo unatuambia!

#35 DaktariKalamu

Basi kuna uwezekano mkubwa raundi ya tatu ulipewa dozi ndogo makusudi. Na angekuwa sahihi kufanya hivyo. Kupaliwa kwenye tiba hii si jambo la kucheka. Tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani inalazimisha onyo zito kwenye dawa hizi zote kwa sababu sumu inaweza kusafiri mbali na ilipochomwa. Mgonjwa akishindwa kumeza, sauti ikibadilika au pumzi ikawa fupi, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama sindano ilikuwa wiki mbili nyuma. Na kila mtu hapa amwambie daktari kama anatumia dawa nyingine, hasa antibaiotiki kama gentamycin, maana zinaweza kuizidishia sumu nguvu.

Uliza ulichomwa yuniti ngapi kila raundi. Ni haki yako kujua.

#36 KijiweKikuu

Naomba nihesabu, maana nimeanza kupotea. Kasahau alivyokuwa. Kinga ya mwili. Msuli siyo. Mashine haikuwepo. Kichupa kilipanda daladala na daftari. Dozi ilipunguzwa. Na presha ya kazi imefukuzwa mlangoni. Nimeacha kitu?

#37 MjuajiKiasi

Biashara.

#38 NyuziTisini

Mimi ndiye wa kinga ya mwili, kwa hiyo msiitoe haraka. Nilianza mwaka 1994, enzi za Botox ya zamani. Kila athari ilipopungua nilirudi baada ya wiki sita kuongezewa, hakuna aliyenikataza. Ikaja siku ikakata kabisa. Nikahamishiwa aina ya B, inayokata protini nyingine, ikafanya kazi lakini mdomo ulikauka hadi ulimi ukashika kaakaa. Mwisho nikawekewa vifaa vya umeme ndani ya ubongo, na hadi leo ndivyo vinavyonibeba. Mwalimu, lolote ufanyalo, usikubali kuchomwa nyongeza katikati. Subiri zifike wiki 12.

#39 ShingoUpande

Pole sana mkuu, na asante. Nilikuwa naenda kuomba nyongeza wiki hii. Sitaomba.

#40 DaktariKalamu

Asante NyuziTisini, uzoefu wako una uzito kuliko maelezo yangu.

Kuna jaribio rahisi la kuchunguza suala la kinga. Daktari anachoma kiasi kidogo kwenye paji la uso, upande mmoja tu. Baada ya wiki mbili au tatu unainua nyusi. Upande uliochomwa ukigoma kupanda, sumu inafanya kazi mwilini mwako. Zikipanda zote mbili sawa sawa, kinga inarudi kuwa mshukiwa. Mwulize bingwa wako anaonaje.

#41 KijiweKikuu

Yaani anatoka na shingo moja mbovu anarudi na nyusi moja mbovu. Tiba inasonga mbele.

#42 ShingoUpande

Wiki sita baadaye, nimerudi wadau.

Bingwa alicheka nilipotaja nyusi, akauliza nimesoma wapi, halafu akakubali. Kanichoma upande wa kulia. Leo ni siku ya 20. Nyusi ya kushoto inapanda, ya kulia imetulia kama picha. Paji la uso kulia ni laini kabisa, kushoto kuna mikunjo yangu yote.

Faili: raundi ya kwanza yuniti 200, ya pili 200, ya tatu 150, na punguzo lote lilikuwa kwenye msuli wa mbele kulia. Nyuma hakugusa.

Na mke wangu kaipata video, sherehe ya shule kabla sijaanza kutibiwa. MamaPacha, nimeitazama mara moja nikaizima. Nilikuwa nimegeuka kiasi kwamba kamera inaona sikio. Sasa hivi, na raundi yangu "iliyogoma", kamera inaona macho yote mawili.

#43 MamaPacha

Sikusema kitu. Nimekaa tu hapa na kikombe changu.

#44 DaktariKalamu

Basi kinga tumeiweka pembeni, na dozi inaeleza mengi.

#45 FizioMwendo

Dozi haielezi kamba ya nyuma kushoto aliyoitaja posti ya 6. Kule hakupunguza kitu na bado kulikuwa kugumu. Kwa nini? Ama sindano haikufika, ama kuna msuli wa ndani zaidi. Narudia, ultrasaundi.

#46 Mfamasia_Zamu

Na mnisikilize vizuri. Nyusi imechomwa kwa kichupa kipya, kilichotoka kwenye friji ya hospitali. Kwa hiyo nyusi inashuhudia kichupa HIKI. Kile cha kwenye mkoba wa daftari hakijatoa ushahidi hata kidogo.

#47 NyuziTisini

Na nyusi ni msuli mdogo. Ningesubiri raundi ya nne ndipo nisherehekee.

#48 ShingoUpande

Raundi ya nne ni wiki ijayo. Atachoma mbele sehemu tatu ndogo ndogo kama mume wa MkeWaSaba, nyuma kwa ultrasaundi, dawa inatoka kwenye friji yao, na video nimesharekodi leo.

#49 FizioMwendo

Mwalimu, umebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Ikifanya kazi tutajuaje ni kipi?

#50 ShingoUpande

Ikifanya kazi nitakuwa naangalia mbele kaka, nyie mtabaki mnabishana.

#51 KijiweKikuu

Picha ya nyusi tafadhali. Tumesubiri wiki sita.

#52 ShingoUpande

Nimeweka. Jumatatu mwanafunzi alinijibu swali, akanitazama, akasema "samahani mwalimu, ngoja nirudie hesabu." Jibu lake lilikuwa sahihi.